DISKI SIFURI: Shemeji wa Mwanza, Laptop ya Ngulyati na Neno Moja Ambalo Nusura Lifute Kila Kitu

Wadau wa stori za ndoa na ushemeji, ya leo inatoka Ngulyati, Bariadi, kule Simiyu. Ndani yake hakuna mchepuko wala simu iliyofumwa usiku. Kuna laptop, kuna mume, kuna kaka wa mume, na kuna mwanamke aliyesema "subiri" wakati wanaume wawili wameshakubaliana.

Watu wa mjini wakisikia Simiyu wanawaza pamba tu, na si uongo, ndiyo mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Ila shughuli za huko nazo si mchezo. Kuna send-off, kuna harusi, kuna kipaimara, na siku hizi hakuna shughuli bila video na kadi ya mwaliko ya kurusha WhatsApp. Hapo ndipo dada huyu anapopatia riziki yake. Ana miaka ishirini na kitu, mtoto mmoja mgongoni, na kibanda pale senta chenye meza, kiti cha plastiki na laptop used iliyotoka Dubai. Anahariri video za harusi, anatengeneza kadi, anawajazia bodaboda nyimbo kwenye memori kadi. Mume wake analima na ana kibanda cha spea za pikipiki. Wanapendana, hilo lieleweke mapema.

Laptop yenyewe ni i5 ya kizazi cha nane, mashine nzuri tu, tatizo diski. Ilikuwa na ile diski ya zamani inayozunguka ndani, ya GB 500, na diski ikaanza kuchoka. Unawasha, unaenda kuchota maji kisimani, unarudi bado alama inazunguka. Halafu ikaanza kutoa sauti, tik, tik, tik, kama mtu anagonga meza kwa kucha. Anayejua diski anajua sauti hiyo maana yake nini. Ni mgonjwa anayeaga.

Na ndani ya diski hiyo kulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza, video za harusi ya mteja ambaye alishalipa nusu na shughuli yake inatakiwa iwe imekamilika Jumamosi. Hela yenyewe ilishaliwa, si unajua Desemba. Cha pili ni folda moja ndogo, GB nne hivi, imeandikwa MAMA. Ni video za send-off ya dada mwenyewe, mwaka 2019, ambapo marehemu mama yake anaonekana mzima, anaiangalia kamera, anasema "Ng'wangaluka", halafu anamgombeza mpiga picha aondoke mlangoni awapishe wenye vyakula. Simu zilizokuwa na video hizo zilishapotea zamani. Nakala ilikuwa moja tu, kwenye diski inayogonga kucha.

Mume akaamua kumfanyia mke wake saprize. Akauza mbuzi, akatuma hela kwa kaka yake Mwanza, akamwambia amnunulie SSD. Hapa shemeji apewe haki yake, alifanya kitu ambacho mafundi wengi hawafanyi. Aliomba kwanza picha ya sehemu ya kuchomeka. Kwa sababu hizi SSD ndogo zenye umbo la bigijii zote zinafanana kwa macho, upana milimita 22 na urefu mara nyingi milimita 80, ila kuna zinazotumia SATA na kuna za NVMe. Ukichomeka ya SATA kwenye tundu linalosoma NVMe peke yake, itaingia vizuri kabisa na kompyuta haitaiona mpaka Yesu arudi. Watu wengi wanalia hapo wakidhani wameuziwa feki. Shemeji akapatia. GB 256, NVMe, ikapanda basi la Bariadi kupitia Magu na Lamadi, mume akaifuata na pikipiki.

Uzuri wa hiyo laptop ni kwamba tundu la SSD na sehemu ya diski ya zamani ni vitu viwili tofauti. Kwa hiyo SSD mpya iliingia, na diski ya zamani ikabaki mahali pake. Hilo lishikeni, maana ndilo lililotaka kuleta msiba wa pili.

Sasa kupiga Windows.

Shemeji alisema wapige Windows 11 moja kwa moja, kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga huduma za kawaida za Windows 10. Mashine ya kizazi cha nane inakubalika, kwa hiyo sawa. Mdogo wake dada, kijana aliyemaliza form six na anayejua kila kitu, akapewa flashi ya GB 16 na kazi ya kutafuta faili. Faili lina GB tano na ushee, huko Ngulyati hilo ni bando la kuombea dua. Akalipata kwa rafiki yake Bariadi mjini, akalikopi kwenye flashi kama anavyokopi muvi, akarudi anapiga mluzi. Flashi haikuwaka. Bila shaka haikuwaka, kwa sababu faili la Windows halikopiwi tu, linatakiwa lifunguliwe na kupangwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus ili kompyuta iweze kuanzia humo. Ikabidi aende kwa mwalimu mmoja mwenye kompyuta, wakaipanga upya.

Safari hii flashi ikawaka. Shangwe. Mume ndiye aliyekaa kwenye kiti, dada amesimama nyuma na mtoto mgongoni. Laptop ni ya dada, kazi ni ya dada, ila siku ya kupiga Windows kiti kikawa cha mume. Hakuna aliyelijadili hilo, lilitokea tu.

Baada ya kubonyeza mara mbili tatu, ujumbe ukaja kwamba kompyuta hii haina vigezo vya Windows 11.

Mume akashusha pumzi. "Kaka wamempiga. Hii SSD ni feki."

Dada akasoma ujumbe mara mbili, akasema kwa upole kwamba mbona hapo hawajataja SSD, wanaitaja kompyuta nzima. Mume akasema Kiingereza cha kompyuta hakisomwi hivyo. Simu ikapigwa Mwanza. Shemeji naye kwa mbali akaanza na feki, akasema atairudisha dukani. Sasa pata picha, SSD nzima ambayo haina kosa lolote ilikuwa inarudishwa na basi kwenda Mwanza, na fundi wa duka angeipima akaikuta nzima, wakaanza kugombana na muuzaji, mbuzi ameshaliwa.

Kilichokuwa kinasumbua kilikuwa kwenye BIOS. Yule fundi aliyepiga Windows 10 zamani, kabla laptop haijafika kwao, aliiweka mashine kwenye mfumo wa kizamani wa kuwaka, unaitwa Legacy. Windows 11 inataka UEFI, inataka na Secure Boot iwezekane, na kwenye Legacy hiyo haipo. Mashine ina kila kitu kinachotakiwa, ila imeambiwa ijifanye mzee. Mwalimu yule mwenye kompyuta ndiye aliyelisema hilo, baada ya dada kumpelekea picha ya ujumbe kwa WhatsApp kimyakimya akiwa jikoni. Kimyakimya, kwa sababu kaka wa mume ameshasema feki, na mke wa mdogo mtu haendi kumtafuta fundi mwingine hadharani.

Wakaingia BIOS, wakabadilisha kwenda UEFI, wakahifadhi, wakawasha. Hapo ndipo palipotokea kilio. Windows ya zamani ikapotea. Kompyuta inasema haioni chochote cha kuwashia. Flashi nayo haionekani kwenye orodha. Dada alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kwa akili yake folda ya MAMA ilikuwa imekwenda.

Haikuwa imekwenda. Diski ya zamani ilipangwa kwa mtindo wa MBR ili iwake kwa Legacy, na UEFI haiwashi diski ya namna hiyo. Ukirudisha Legacy inawaka kama kawaida, vitu vyote vipo. Na flashi nayo hadithi ileile: kule kwa mwalimu ilipangwa kwa ajili ya mashine za kizamani. Kwenye Rufus kuna sehemu ya kuchagua, MBR kwa BIOS ya zamani au GPT kwa UEFI, nao walichagua ya kwanza bila kuangalia. Flashi ikapelekwa tena kwa mwalimu, mvua ikanyesha, umeme ukakatika, siku nyingine ikaenda. Ikawa Alhamisi. Mteja wa Jumamosi ameanza kutuma voice note.

Ijumaa asubuhi flashi ikaonekana, Windows 11 ikakubali mashine, wakafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski. Wakachagua SSD mpya, wakabonyeza kuendelea. Ikagoma tena. Safari hii ujumbe ulikuwa mrefu kidogo: diski uliyochagua ina jedwali la MBR, na kwenye mashine za UEFI Windows inaingia kwenye diski ya GPT tu. Inawezekana SSD ilijaribiwa dukani kabla ya kuuzwa ikaachwa na mpangilio huo. Si kosa kubwa. Hata njia rahisi ipo hapohapo kwenye ukurasa. Unachagua kila kipande cha SSD mpya, unakifuta, mpaka ibaki nafasi tupu moja, unabonyeza kuendelea, na Windows yenyewe inaipanga kwa GPT. Dakika moja.

Ila simu ilishapigwa Mwanza, imewekwa spika, iko mezani.

"Bonyeza Shift na F10," shemeji akasema. Ukatokea ule ukurasa mweusi wa kuandika amri. Mume akafurahi, maana ukurasa mweusi unamfanya mtu ajione fundi kweli. "Andika diskpart. Enter. Andika select disk 0. Enter. Halafu clean. Enter. Halafu convert gpt. Basi, kazi imeisha."

Mume akaandika diskpart. Akaanza kuandika ya pili.

"Subiri," dada akasema.

"Nini tena?"

"Diski sifuri ni ipi?"

Kimya. Shemeji kwenye spika, "Diski ni sifuri, mbona unauliza? Kompyuta zote diski ni sifuri."

"Shemeji shikamoo, samahani. Naomba tuone orodha kwanza."

"Marahaba. Kwani sasa hivi mke wako ndiye fundi?" Hilo swali hakuulizwa dada, aliulizwa mume, ingawa wote walikuwa wanasikiliza. Wanawake walioolewa kwenye familia zenye kaka mkubwa mwenye hela kidogo wanajua uzito wa sentensi kama hiyo. Mume kidole kiko hewani. Akamwangalia mke wake, akaiangalia simu. Zilipita sekunde kadhaa, na hizo sekunde ndizo stori yenyewe.

Akafuta alichoandika. Akaandika list disk.

Zikatoka diski tatu. Diski 0, GB 465. Diski 1, GB 238. Diski 2, GB 14.

Dada hajasoma kompyuta chuo, ila hesabu ya flashi na memori kadi ndiyo ugali wake. Anajua flashi ya GB 16 ukiichomeka inasoma 14 na kitu, kwa sababu kiwandani wanahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Kwa hiyo ile ya 14 ni flashi. Ya 238 ni ile ya 256, SSD mpya. Na 465 ni ile ya 500.

Diski sifuri ilikuwa diski ya zamani. Ilikuwa harusi ya mteja. Ilikuwa mama.

Na hiyo amri ya clean, kwa wasioijua, haiulizi "una uhakika?" Haina ukurasa wa kuthibitisha. Unabonyeza Enter, inafuta mpangilio wote wa diski kwa sekunde chache, inakuambia imefanikiwa. Mtaalamu anaweza kuchimba na kurudisha baadhi ya vitu kama hujaandika kingine juu yake, lakini hiyo ni kwa diski nzima. Diski iliyokwisha kuanza kugonga, ukiizungusha masaa mengi kuitafutia mafaili yaliyofutwa, inaweza kukufia mkononi.

Mume alielewa kabla hajaelezwa. Akazima spika, akamwambia kaka yake bando linaisha, atapiga baadaye. Uongo huo ulikuwa mtamu kuliko zawadi yenyewe.

Wangeweza kuandika select disk 1 wakaendelea. Dada akakataa. Alisema mkono unaweza kuteleza, na mtoto alikuwa anavuta waya. Akaenda kwa fundi simu wa jirani akaazima bisibisi ndogo. Wakazima kabisa, wakatoa chaja, wakafungua mfuniko wa chini, wakachomoa waya wa betri, wakaitoa diski ya zamani, wakaifunga kwenye kanga na kuiweka juu ya kabati. Kama haipo ndani, hakuna amri itakayoifikia.

Wakawasha. List disk. Safari hii zikatoka mbili tu, na hapa cheka kidogo: ile ya 465 ilipoondoka, namba zilijipanga upya. SSD mpya sasa ilikuwa ndiyo diski 0.

Select disk 0. Clean. Convert gpt. Maneno yaleyale ya shemeji, herufi kwa herufi, na safari hii yalikuwa sahihi kabisa.

Kilichofuata kilikuwa chepesi. Mafaili yakapanda, mashine ikajizima na kujiwasha, ikarudi palepale mwanzo kwenye ukurasa wa kuchagua lugha, mume akataka kulia. Flashi ilikuwa bado imechomekwa na mashine ilikuwa inaanzia humo kila ikiwaka. Wakaichomoa, ikaendelea. Halafu Windows ikataka intaneti, na Wi-Fi ikawa haipo kwa sababu draiva yake haikuwemo. Wakachomeka simu kwa waya wa USB wakagawa bando kutoka kwenye simu, ikakubali. Bando la wiki lilikatika nusu hapohapo, Windows mpya ikipata mtandao haina adabu, inaanza kujishushia masasisho bila kuuliza.

Ilipowaka, iliwaka kabla dada hajamaliza kumfunga mtoto mgongoni. Mume alikuwa anaizima na kuiwasha tena kwa raha tu.

Saa kumi jioni diski ya zamani ilirudishwa ndani. Ikaonekana, inagonga. Dada hakuanza na harusi ya mteja, ingawa voice note zilishafika saba. Alianza na folda ndogo. Na hakuiburuta yote kwa pamoja, maana faili moja bovu linaweza kukwamisha mengine yote. Alihamisha video moja moja. Zilikuwa 23. Ya kumi na moja iligandia katikati karibu robo saa, diski inagonga, mume amesimama mlangoni hasemi kitu. Ikapita. Ya mwisho kabisa, ile ya ukumbini wakati wa kukata keki, haikufunguka na haijafunguka mpaka leo. Ila ya mlangoni ilifunguka. Mama yupo, amevaa kitenge cha njano, anasema "Ng'wangaluka", anamfukuza mpiga picha.

Dada akaituma kwa dada zake wote usiku uleule, na moja akaipeleka kwenye simu ya mume wake kwa usalama. Kazi ya mteja ikatoka Jumamosi saa nne asubuhi, kwa kuchelewa kidogo, akalipwa nusu iliyobaki.

Sasa kilichobaki ni cha kifamilia. Krismasi shemeji alikuja Ngulyati. Wameketi chini ya mwembe, matobolwa na chai, wazee wapo, akaanza kusimulia jinsi alivyowapigia Windows kwa simu tu kutoka Mwanza. "Niliwaambia diski sifuri, huyu shemeji yangu akawa na wasiwasi, mwisho wakaja kuandika hiyohiyo sifuri. Si ndiyo?" Akamgeukia mdogo wake.

Mume akasema, "Ndiyo kaka." Halafu akainuka, akachukua birika, akammiminia mke wake chai kwanza kabla ya wageni, mbele ya wazee wote. Mama mkwe aliliona hilo, akakohoa kidogo, hakusema neno.

Dada naye hakusema. Anasema akimwambia shemeji ukweli atamwaibisha, na asipomwambia, kuna mtu mwingine Mwanza huko ataambiwa kwa simu aandike select disk 0 halafu clean, na huyo hatakuwa na mtu wa kusema subiri nyuma yake. Shemeji ameshaahidi kumsaidia binamu yao mmoja mwezi ujao, na laptop ya binamu nayo ina diski mbili.

Wadau, nyie mngemwambiaje?